Maneno Niyapendayo na Yanikimbiayo

Miongoni mwa maneno yote ambayo watu wa pwani wametutunukia sisi wakazi wa milimani, hakuna nilipendalo kushinda kipupwe, na sababu ya mapenzi yangu ni kwamba neno hilo, ambalo huko Tanga na Unguja hutaja majira ya baridi isiyomdai mtu zaidi ya shuka la pili, halikupata maana yake kamili mpaka lilipopanda barabara ya Mombo, likapita Soni na Lushoto, likakatisha msitu wa Magamba na kufika hapa Kwai. Huku kwetu kipupwe huingia nyumbani bila ya kupiga hodi. Mwezi Julai mkulima wa karoti husimama kando ya shamba lake asubuhi, mikono kwapani, akingoja jua liufunue ukungu kabla hajathubutu kuyashika majani yaliyojaa umande. Na mama apikaye uji hulazimika kuzipuliza kuni mbichi mara mbili tatu kabla hazijakubali kushika moto. Neno la pwani limekuja kukaa mahali palipolistahili, na kwa hilo nalipenda.

Kila ashikaye kalamu kwa muda mrefu hatimaye huwa na maneno ayapendayo, na ayachukiayo, na mengine ambayo, ijapokuwa hana kisa nayo, hayakubali kukaa akilini mwake hata akiyasoma mara ngapi. Aghalabu watu hulihesabu jambo hili kuwa ni hiari ya mtu tu, kama vile mmoja apendavyo chai ya tangawizi na mwenziwe ya mchaichai. Mimi sikubaliani nao. Naona kuwa mapenzi na chuki katika maneno ni jambo la insafu, kwa kuwa neno lipendwalo na wenye sauti hutangaa, na lile walichukialo hunyamazishwa, na pamoja nalo hunyamazishwa jambo lililokuwa likitajwa nalo. Nasi tunaokaa Usambara tumekwisha kuyaona yote mawili yakitendeka.

Ushahidi wa kwanza ni habari za Karl Roehl, mmisionari Mjerumani wa Misioni ya Bethel, ambaye aliifanya kazi yake katika milima hii zama za utawala wa Wajerumani, na ambaye alijifunza Kisambaa vya kutosha hata akatunga kitabu cha sarufi yake kilichochapishwa Hamburg mwaka 1911. Mtu huyu alikuwa na chuki kubwa juu ya sehemu moja ya Kiswahili, nayo ni yale maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Aliamini kwamba maneno hayo ni vazi la kigeni lililovishwa lugha ya Kibantu, kwamba mtu wa bara hayaelewi, na kwamba yamebeba ndani yake dini isiyokuwa yake yeye. Basi alipoifasiri Biblia, Agano Jipya likatoka mwaka 1930 na Biblia nzima ikachapishwa Stuttgart mwaka 1937, alijitahidi kuyang'oa kila alipoweza na kupanda mengine ya asili ya Kibantu mahali pake. Manabii wakawa wafumbuaji. Injili ikawa Utume mwema. Torati ikaitwa Maonyo.

Sitaki kumdhulumu marehemu. Mfumbuaji ni neno zuri mno. Ndani yake mna mtu aliyekaa na fumbo mkononi, akilifungua mbele ya watu polepole, na kama lingeingia katika lugha pamoja na nabii, bila ya kutaka kumwondoa, lingetutajirisha. Biblia yake ilisomwa na kupendwa na Wakristo wengi wa bara, hasa Walutheri, kwa mtiririko wake. Walakini alikosea jambo moja la msingi, nalo ni kuyahukumu maneno kwa nasaba yake badala ya kuyahukumu kwa kazi yake. Alimwuliza kila mgeni babu yake ni nani, asimwulize amekaa humu nyumbani tangu lini na amelea watoto wangapi. Nani leo, katika kijiji chochote cha Lushoto, atafahamu upesi zaidi ukimwambia maneno mengine mahali pa habari, wakati, sababu au rafiki? Hata hesabu zetu zimechanganya damu: tano ni ya Kibantu, sita na saba ni za Kiarabu, nane imerudi kwetu, na tisa imekwenda tena ng'ambo, ilhali mtandatu na mfungate za zamani zimekwisha kujistiri, ila kwamba ile ya pili imeacha mtoto wake, fungate, ambaye kila bwana arusi amjua. Ilipotoka Biblia ya Muungano mwaka 1952, manabii walikuwa wamerudi mahali pao, nao wako hapo hadi leo.

Kinyume cha Roehl naona mtu mwingine, aliyekuja mapema zaidi kuliko yeye, naye ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mwandishi wa Habari za Wakilindi, ambaye baadaye alikuwa liwali wa Tanga. Yeye alikuwa mtu wa pwani kwa malezi na kwa kalamu. Hata hivyo alikitumia Kiswahili chake kueleza habari za mlimani: jinsi Mbegha mwindaji alivyotoka Nguu, jinsi alivyopata ufalme Vuga, na jinsi wazao wake, ndio hao Wakilindi, walivyotawala na kugombana mpaka ufalme ukaingia mashakani. Kitabu chake kilipigwa chapa kwa sehemu na wamisionari wa Magila, chini ya Usambara ya Mashariki, na mwaka 1962 kikachapishwa tena Nairobi. Hapo lugha ya pwani haikuja mlimani kufuta kitu, ilikuja kubeba. Kila nisomapo nathari yake nakumbuka kwamba sisi hatukupewa Kiswahili na shule pekee, bali tulikuwa ndani yake tangu kalamu za kwanza.

Nina neno jingine nilipendalo, na hili si la Kiswahili. Wazee wa Kisambaa walikuwa na namna mbili za kuisema hali ya nchi: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi na kuifanya iwe njema, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mwanahistoria wa Kimarekani Steven Feierman, aliyezungumza sana na wazee wa milima hii, aliyafanya maneno haya mawili kuwa moyo wa kitabu chake kikubwa kilichotoka mwaka 1990, na hakukosea. Maana katika fikira za watu wale mvua haikuwa jambo la mawingu tu. Mfalme wa Vuga alitarajiwa kuwa na nguvu juu ya mvua. Akiwa na nguvu isiyo na mshindani, nchi hupona. Wakuu wakishindana, nguvu kwa nguvu, jua huchoma mahindi na njaa huingia. Msomaji wa leo anaweza kuyakataa yale yahusuyo mvua, na hapana atakayemlaumu. Lakini atazame umbo la maneno yenyewe: kuzifya ni kitendo, na kubana ni kitendo, na kila kitendo kina mtendaji. Nchi iliyoharibika ilikuwa na aliyeiharibu, na watu walikuwa na haki ya kumtaja.

Hapo ndipo ilipo chuki yangu mimi, nami naieleza bila ya kuficha. Silichukii neno lolote kwa ajili ya mahali lilikotoka. Nayachukia yale yanayomfuta mtendaji.

La kwanza ni changamoto. Katika umbo lake lilikuwa neno la heri, ndugu wa kuchangamka, nalo lilikusudiwa kutaja jambo limtialo mtu ari na kumsukuma atende. Sasa limekuwa pazia. Barabara ikikatika kwa maporomoko, hiyo ni changamoto. Zahanati ikikosa dawa, changamoto. Fedha zilizochangwa na wananchi zisipoonekana, vilevile changamoto. Tatizo, kosa, upungufu, uzembe, wizi, balaa, dhuluma, uhaba, maneno manane yaliyokuwa kila moja na uzito wake na mlango wake, yote yamesukumwa katika chumba kimoja, na chumba hicho hakina mtu ndani. Mtu hawezi kumwuliza mwenziwe: ni nani aliyetenda changamoto hii? Sarufi yenyewe yakataa.

Hapa Kwai nilipata kusikia mkutanoni likizungumzwa jambo lililoitwa changamoto ya vifungashio, na wenyeji waliokaa kwenye mabenchi hawakujibu neno, kwa sababu hawakujua kwamba wanaongelewa wao. Kilichokuwa kikitajwa ni lumbesa. Asiyekuwa mkulima na afahamu hivi: karoti, viazi au kabichi hununuliwa shambani kwa gunia, si kwa kilo, na bei hutajwa kwa gunia moja, lakini gunia likijaa hadi mdomoni halifungwi, bali huongezewa juu yake kilemba, kwa kipande cha gunia jingine na kamba zilizosukwa mfano wa wavu, na mpakiaji hupanga karoti moja moja, vichwa kwa nje, duara juu ya duara, akizibana kwa goti, mpaka kile kilemba kikaribiane na nusu ya gunia lenyewe. Sheria ya vipimo yakataza gunia kupita kilo 100. Karoti zile za juu, alizozilima mama wa watu kwa jembe la mkono katika mteremko ambao mgeni huogopa kuusimamia, hupanda lori na kwenda Dar es Salaam pasipo kulipwa. Basi lumbesa ni neno lisilopendeza la kitu kisichopendeza, na mimi sina ugomvi nalo hata kidogo. Kila alisemaye ajua anamsema nani. Lile la vifungashio ndilo linalonikera.

La pili si neno moja bali ni kundi, nalo ni suala zima la. Hakuna tena kilimo, kuna suala zima la kilimo. Hakuna maji, kuna suala zima la maji. Lina ndugu zake: siku ya leo mahali pa leo, na tunakwenda kuzindua mahali pa tutazindua, kana kwamba wakati ujao uliotosha kwa babu zetu katika ndoa, safari na vita hautoshi tena kwa kufungua kisima. Watangazaji wetu wa redio na viongozi wetu wana dhamana kubwa kuliko wanavyodhani, kwa maana watoto hujifunza lugha kwa masikio kabla ya kujifunza kwa vitabu, na mtoto asikiaye maneno sita mahali palipotosha moja hukua akiamini kwamba heshima ya mtu ni kurefusha.

Wala wasidhani wasomaji kuwa maradhi haya yameanza jana. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza ilianzisha Mlalo, mwaka 1946, mpango wa kuhifadhi ardhi, na tangu mwaka 1950 ukaenezwa katika sehemu nyingine za Usambara. Sharti lake lililotajika sana lilikuwa kila nyumba ilime sehemu ya shamba kwa matuta, tena matuta yaliyofungwa kwa mengine madogo ya kukingama, ili maji yasikimbie na udongo. Na asiyelima alishtakiwa. Tuta lilikuwa neno la amani, neno la viazi vitamu na la mihogo. Katika miaka michache likawa neno la karaha, kwa vile kazi ile ngumu iliwaangukia zaidi wanawake, na watu hawakuona mavuno yakiongezeka kwa jasho lile. Palitokea malalamiko, maandamano na ugomvi na machifu waliotumwa kuisimamia amri, na kabla ya muongo ule kwisha mpango ukavunjika. Katika karatasi za wakubwa jambo hilo liliitwa maendeleo na uokozi wa ardhi; wananchi walilitaja kwa neno moja, matuta, na katika neno hilo mlikuwa na amri, faini, maumivu ya mgongo na jina la aliyeyaleta. Inanishangaza kwamba leo, pale vijana wetu wachimbapo kwa hiari yao matuta ya ngazi katika miteremko ya Kwai na kupanda matete ukingoni, neno lilelile limekwisha kusamehewa.

Nirejee katika maneno ya kunifurahisha, maana chuki nyingi hukausha wino. Napenda maridhawa, kwa kuwa halitaji wingi tu bali wingi ulioridhisha, na ridhaa inasikika ndani yake. Napenda shwari, japokuwa nakaa mbali na bahari. Napenda insafu kuliko haki, si kwa sababu haki imepungukiwa na kitu, bali kwa sababu imechoshwa na midomo mingi, na insafu bado ni mbichi. Napenda pia ule ustadi wa Shaaban Robert, jirani yetu wa Tanga, wa kuchukua kitenzi cha kila siku, akakitia kimalizio kidogo cha -ika, akapata nchi nzima yenye mfalme, mahakama na magereza: Kusadikika mwaka 1951, na baada yake Kufikirika. Mtu aliyefanya kazi ya ukarani katika forodha na ofisi za serikali, akiandika kutwa maneno ya wengine, usiku alikuwa na uwezo wa kujenga dola kwa silabi mbili.

Na kitivo je? Hilo nalipenda kwa fahari ya mwenyeji. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipohitaji jina la sehemu kuu za chuo, kama vile ya sheria na ya sayansi, walilitwaa neno la Kisambaa na Kipare litajalo bonde lenye rutuba. Chini ya Mlalo, kwenye tambarare inywayo maji ya Mto Umba, iko Kitivo yenyewe, watu wakilima mpunga na mahindi kwa mifereji. Ni jambo la adhama kwamba kila kijana aingiaye chuo kikuu, atoke Kigoma au Mtwara, hutaja shamba letu bila ya kujua.

Yabaki yale yanikimbiayo. Katika hayo yapo ya aina ya ndugu wafananao sura: nadhari, nadharia, nadhiri, nidhamu, dhima, dhamana, dhamira, dhamiri. Naijua maana ya kila moja nikikutana nalo katika kitabu, lakini nikiyahitaji kwa haraka huja yote mlangoni, na sharti nimtambue nimtakaye. Dawa niliyoiona ni moja: kulitia kila neno katika sentensi ya nyumbani na kuisema kwa sauti. Nadhiri ni ya mtu aliyeapa kuchinja mbuzi mwanawe akipona. Dhima ni ya yule aliyekubali kumlea yatima. Neno likipata mtu, halipotei tena.

Mtondo na mtondogoo ni habari nyingine. Kesho na kesho kutwa azijua kila mtu. Siku ifuatayo kesho kutwa ni mtondo, na ile ifuatayo mtondo ni mtondogoo. Nimeyasoma, nimeyaandika, na bado huteleza, nami naamini najua sababu. Hapana anipaye ahadi ya mtondogoo. Lori la mboga laja Jumanne, gulio lina siku yake ya juma, na mtu akisema tuonane, hutaja tarehe. Maneno hayo yalikuwa na kazi kwa watu waliohesabu siku kutoka walipo, si kutoka katika kalenda iliyotundikwa ukutani. Kazi imeondoka, na kumbukumbu peke yake haiwezi kulishikilia neno lisilotumwa dukani wala shambani.

Kishikwambi kimetuonyesha upande wa pili. Lilikuwa neno gumu, la ajabu masikioni, la watu wa kamati za istilahi. Nadhani wengi tulisema halitafika popote. Ikaja Sensa ya Agosti 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba mpaka vitongoji vya mwisho wakiwa na kifaa hicho mikononi, kisha vifaa vyenyewe vikagawiwa walimu, na leo bibi asiyejua kusoma hulitamka bila ya kigugumizi. Rununu na nywila hazikupata bahati hiyo, nazo zingali zinanikimbia. Tarakilishi imeshika zaidi kwa ndugu zetu wa Kenya, sisi tukibaki na kompyuta.

Matunda nayo yana mashaka yake. Tufaha ni lile tunda gumu la nchi za baridi, ambalo pamoja na plamu, pichesi na peasi lilistawi katika milima hii kwa mikono ya wageni, waliokuwa na kituo cha kujaribia kilimo hapahapa Kwai tangu 1896. Na tofaa ni tunda la pwani, jekundu, la maji mengi, lenye nyama nyeupe laini. Herufi chache zayatenga, na mtu wa Unguja akiniagiza tofaa sina budi kumwuliza mara mbili. Vijana wauzao kando ya barabara wamekata shauri kwa kusema epo. Siwalaumu, ila nasikitika, kwa sababu sisi tulikuwa na haja ya kweli ya neno tufaha, maana tunalo tunda lenyewe.

Liko neno moja ambalo ningependa kuliombea nafasi kabla sijaiweka kalamu chini. Baada ya masika kwisha, katikati ya kipupwe, huja mvua ndogo ambazo watu wa pwani waliziita mchoo. Neno hilo linakufa, na si vigumu kufahamu kwa nini vijana huona haya kulitamka. Lakini mvua zenyewe hazijafa. Huku juu huitwa mluati, na wakulima huzipangia maharage na viazi vyao, hugombania mbegu kwa ajili yake, na huulizana kila mwaka kama zitafika. Watunzi wa kamusi, ambao jina la kitabu chao kwa Kiarabu lilikuwa na maana ya bahari kuu, walikwisha kupanda mlima mara moja wakashuka na kitivo. Nawaalika wapande tena mwezi wa Agosti, wakati mluati unaponyesha, waje na daftari na koti zito.